Gari Lililochemka Kila Jumanne

Gari liliingia uani likitoa mvuke puani, na mume akashuka akijifuta jasho utadhani ni yeye aliyechemka.

"Limepata moto tena," alisema. "Sijui lina nini."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Kwaya ilikwendaje?"

"Salama."

"Mmejifunza wimbo mpya? Maana huo unaouimba jikoni ni uleule tangu mwaka uanze."

Wakacheka wote wawili. Kisha mke akaenda kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Mtaani mke huyo aliitwa Fundi kwa kuwa alishona nguo, lakini hata magari aliyajua. Baba yake alikuwa na gereji, akamlea katikati ya spana na matairi, na mkono haujasahau. Mumewe alikuwa mkutubi. Huyo alijua kitabu kipi kiko rafu ipi, lakini boneti hakujua hata inafungukia wapi. Kwake yeye gari likichemka limechemka, basi. Hakujua kwamba linaweza kumchongea.

Asubuhi, mume alipokwenda maktaba kwa miguu kama kawaida yake, Fundi alifungua boneti. Maji yalikuwa yamepungua, lakini mipira ya kupitisha maji ilikuwa mizima na kifuniko cha rejeta kilibana vizuri. Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi safi, haijachanganyika na maji. Aliona tu lile tone la siku zote chini ya injini, maana gari hilo halikuweza kusimama mahali bila kudondosha oili.

Akaliwasha, akaliacha lingurume palepale. Mshale wa joto ulipanda, ukapita katikati, ukazidi kupanda. Feni ya rejeta ilikuwa tuli. Akazima haraka, akachomoa fyuzi ya feni, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imeungua.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka.

Feni ikifa, gari linalokwenda halidhuriki sana, kwa kuwa upepo wa safari huipoza rejeta. Linalochemka ni lile lililosimama huku injini inanguruma. Na njia ya kwa mama mkwe ilikuwa nyeupe, haina foleni wala taa. Sasa mtu mzima anasimama wapi na gari linalonguruma, jioni nzima? Anamngoja nani atoke?

Akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mume wako umemficha wapi? Siku hizi simtii machoni kabisa."

"Ni kazi tu, mama," Fundi alimtetea, akakata simu.

Nyumba ile aliijenga kwa cherehani, tofali kwa tofali, macho yakimuuma. Hakuwa tayari kumwachia mwanamke mwingine hata kizingiti chake. Angeweza kumuuliza mumewe waziwazi, lakini watu wakishaanza kuulizana ndani ya nyumba, hakuna ajuaye wataishia wapi. Alitaka kwanza ushahidi.

Alinunua fyuzi mpya. Kuipachika ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini yeye aliitia mfukoni. Kisha akanunua maji ya rejeta, yale ya kijani kibichi, akajaza rejeta, akajaza na ile chupa ya maji ya akiba iliyo kando yake mpaka mdomoni. Likichemka safari hii litatapika palepale liliposimama, na rangi ile haikubali kujificha.

Jumanne, siku ya kwaya, ikafika tena. Fundi alivaa viatu vyake vizuri, akajipaka manukato.

"Nikupeleke kwaya?" mume aliuliza.

"Acha tu. Ni hapo hapo, nitatembea."

Mume alimtazama muda mrefu kidogo. "Haya, mke wangu."

Anataka kuhakikisha nimeondoka, Fundi alijisemea, mnafiki mkubwa.

Aliporudi nyumbani gari halikuwapo. Baada ya kitambo kidogo likaingia likifoka mvuke. Alisubiri mumewe aende kuoga, akachungulia chini ya boneti. Chupa ya akiba ilikuwa tupu.

Kesho yake alianza kusaka doa la kijani. Alianzia nyumbani kwa dada msaidizi wa maktabani, yule anayecheka hata mume wa Fundi akipiga chafya. Alikuta uwanja umefagiliwa, hauna doa, na mume wa yule dada anaanika nguo za watoto huku akipiga mluzi. Akaenda kwenye baa ya karibu na maktaba. Hakuna kitu. Akazunguka nyumba ya wageni, mbele na nyuma, mpaka mlinzi akamuuliza amepoteza nini.

"Mume," alijibu, na mlinzi akacheka peke yake.

Jua lilikuwa limepanda, miguu inamuuma na machozi yako karibu. Alimchukia yule mwanamke asiyemjua. Amemnyang'anya mume mpole, mume asiyewahi kumkaripia, anayecheka naye jikoni. Alihitaji mtu wa kumlilia, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Akakata kona ya kichochoro alichokizoea, akatoa ufunguo pochini. Ulikuwa ufunguo wa geti la mwalimu wa kwaya, aliyeishi peke yake na ambaye tangu mwaka uanze hakuwa na kwaya yoyote ya kufundisha.

Ufunguo ulikwisha kuingia kwenye kufuli alipogeuka, kama afanyavyo siku zote, kutazama kama kuna mtu. Mtu hakuwapo. Ng'ambo ya njia, kando ya ukuta, ardhi ilikuwa ya kijani, na kuizunguka kulikuwa na matone ya oili, machache mabichi, mengi ya zamani yaliyokwisha kufunikwa na vumbi.