Kengele ya Aliyebaki

Fainali ya wanawake ya mita elfu kumi, ubingwa wa taifa, ilikuwa imekwisha kwa kila mtu isipokuwa msichana mmoja. Bingwa alishavishwa medali, na bendi ilikuwa inangoja uwanja uwe mtupu ianze kupiga.

Bi Nyamizi hakuondoka kando ya mstari wa kumalizia. Kazi yake ilikuwa kumpigia kengele anayeongoza, anapoanza mzunguko wa mwisho. Alishaimaliza, lakini kengele ya shaba ilikuwa bado mkononi.

"Irudishe mezani, mama," mwamuzi alimwambia. "Huyo tunamtoa. Kapitwa mno."

"Akifika hapa atakuwa amebakiza mzunguko mmoja tu."

"Nani anamhesabia?"

"Mimi."

Yeye mwenyewe, enzi zake za kukimbia, hakuna aliyemhesabia. Miaka ishirini na miwili iliyopita, kwenye uwanja huuhuu, alishikwa mkono akatolewa, na pumzi bado anazo. Tangu hapo amewapigia wenzake wengi kengele ile. Yake hajawahi kuisikia.

Msichana akatokea konani akichechemea, kiatu kimoja mguuni, macho yamemganda mwamuzi kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Mwamuzi akanyanyua mkono. Bi Nyamizi akapita mbele yake na kuipiga kengele kwa nguvu zake zote.

"Wa mwisho, mwanangu! Wa mwisho!"

Msichana akaongeza mwendo. Bi Nyamizi alipozinduka, kandambili zake zilikuwa mbali nyuma, kwenye majani, na kengele ilikuwa ikilia kwa kila hatua aliyokimbia kando ya msichana.