Betri Iliyokuja Imejaa

Betri ya Egwang ililetwa kuchajiwa ikiwa imejaa.

Gaudencia aligusisha nyaya zake kwenye balbu, ikawaka kama macho ya paka. Mtu gani anabeba betri ya lori kwa baiskeli kutoka Malaba hadi Adungosi, jasho mpaka kwenye soksi, eti ijazwe na tayari imejaa? Mama mwenye msichana nyumbani lazima ajiulize.

Mambo haya ya kuchajia watu betri yaliletwa na mama mkwe wake, Apolot. Sola iliyo juu ya mabati ilikuwa inajaza betri yao kabla ya chakula cha mchana, halafu jua lote la alasiri linaenda bure.

"Jua linamwagika na nyinyi mnaangalia tu," bibi alisema. "Watu walete betri zao. Mimi nitazichunga."

Egwang, muuza vipuri aliyefiwa na mke, akawa wa kwanza. Hakukosa siku.

Sasa tabia zake. Akikutana na Gaudencia njiani, anateremka na kukokota baiskeli katikati ya mihogo. Hampi mkono. Chai hainywi mpaka Gaudencia aondoke. Na huku, mwanamume hamkwepi mwanamke hivyo ila akishajihesabu mkwe wake.

Dolphine, binti wa Gaudencia, alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja kuingia chuo cha ualimu.

"Mimi na yule babu?" Dolphine alicheka. "Mama, ana meno matatu, na moja ni kama la kuazima."

"Hayo matatu pia yanauma."

Kesho yake akampeleka Marachi kwa mama yake mdogo, akae huko mpaka chuo kifunguliwe. Bibi hakupinga. Alisema tu nyumba itakuwa na nafasi.

Jumamosi Egwang akaja bila betri. Alikuja na suti, wazee wawili na ng'ombe.

Gaudencia aliziba mlango, mwiko mkononi. "Mzee, kama ni kuchaji, nitakuchajia. Msichana hapa hakuna."

Egwang akageukia ukuta haraka. Wazee wakaangaliana.

"Msichana gani?" mmoja akauliza.

Nyuma ya Gaudencia mtu alikohoa. Apolot alikuwa amevaa gauni la kanisani, amejipaka mafuta mpaka anang'aa, mkoba kwapani.

"Toka mlangoni, mama Dolphine," alisema. "Mtu anasimama mbele ya baba mkwe wake na mwiko?"