Samaki wa Chumvi

Daktari alikataza chumvi, hasa kwenye chakula cha jioni, maana figo za mzee zilikuwa zimechoka. Lakini kila ubaridi wa milima ya Uluguru uliposhuka, mzee aliisukuma sahani kwa mkewe, Mosi.

"Mama watoto, hiki si chakula."

Mosi akamhurumia. Akaanza kumpikia samaki wa chumvi, bila watoto wao kujua.

Jioni hii mzee aliomba akandwe miguu huku anakula. Kidole gumba cha Mosi kikazama juu ya kifundo kilichovimba kama kwenye ugali wa moto. Alipokiinua, shimo likabaki.

"Leo umepika, mke wangu," mzee alisema.

"Nisamehe, baba watoto."

"Nikusamehe nini tena?"

Mosi akanyoosha mkono kuiondoa sahani. Ilikuwa tupu.