Mzinga Mtupu

"Ukiutundika hapo nauchoma moto, nimeshakwambia."

"Choma. Nitatundika mwingine."

Kitwana akaguna. "Dada, wewe nyuki hujawahi kufuga hata mmoja. Na mbuzi wangu nimemfunga hapa hapa. Wakimuua je?"

"Mhamishe. Maboga yangu yana mizizi, mbuzi wako ana miguu."

Hidaya hakushuka kwenye stuli. Msimu mzima alikuwa anaamka na unyoya wa kuku, anapakaza chavua ua moja moja, na bado maua yalidondoka bila kuzaa. Alishachoka kufanya kazi ya nyuki. Akakaza waya wa mwisho, mzinga ukatulia juu ya kitalu. Ndani ulikuwa mtupu, kaupaka nta tu, nyuki wenyewe wanuse waje.

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

"Nani kakwambia?"

Hidaya akanyoosha kidole. Nyuki mmoja alikuwa ametua mlangoni mwa mzinga. Akatembea kuzunguka tundu, akaingia. Wote wawili wakakodolea tundu, wakingoja atoke. Hakutoka upesi.

Kitwana akainama, akafungua kamba ya mbuzi. Akageuka, akaondoka naye.