Dishi la Shomvi

Fundi Chande alikuwa juu ya paa akilinganisha dishi la mota, lile linalogeuka lenyewe kufuata setilaiti kadhaa, harufu kali ya mkojo ilipompanda puani. Aliinama akachungulia dirisha la stoo. Mama mzazi wa Shomvi, mwenye nyumba, alikuwa amelala kwenye godoro lililoloa, nzi wamemjaa usoni.

"Mwanangu, maji," alinong'ona.

"Bosi, mama amejichafua huku!" Chande aliita.

"Achana naye, fundi!" Shomvi alijibu kutoka sebuleni. "Imebaki setilaiti moja tu."

Chande alitema mate kwa kinyaa. Aliacha bolti bila kuzikaza, akashuka, akakinga kikombe cha maji bombani, akampelekea stoo. Yule mama alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa bila kupumua, huku sebuleni Shomvi akifoka kwamba picha imekatika.