Ziara kwa Marehemu Baba

Ahmadi alichovya kidole baharini, akakionja upesi kabla mkewe hajageuka. Lo! Siku zote alisikia kwamba bahari ina chumvi, ila hakudhani ni chumvi ya kiasi kile. Akameza huku akitabasamu, maana mtu wa pwani hatemi maji ya kwao.

"Umekumbuka nyumbani, ee?" Shufaa alimuuliza.

"Sana," akajibu, koo likimwasha.

Ukweli ni kwamba bwana huyu alizaliwa Tosamaganga, Iringa, Mhehe wa baba na mama, akaitwa Sedekia. Baba yake, Mzee Aroni, yu hai mpaka leo, anafuga nguruwe, na ulanzi wake, pombe ya mianzi, wanakijiji huufuata hata kwenye mvua. Kusilimu, Ahmadi alisilimu kweli, tena kwa moyo, miaka kabla hajamjua Shufaa. Uongo ulianza siku ya posa.

Mzee Iqbal, baba yake Shufaa, muuza khanga wa Ilomba mjini Mbeya, alikuwa ameshawarudisha wachumba kadhaa kwa kosa la kutokuwa watu wa pwani. Ahmadi alipoulizwa kwao ni wapi, mdomo ukajibu wenyewe: Kilwa Kisiwani. Na baba? Hapo akamwona Mzee Aroni akilini mwake, anaingia sebuleni na kibuyu cha ulanzi, harufu ya zizi imemtangulia. Akamuua papo hapo.

"Marehemu. Kazikwa hukohuko kisiwani. Alinizaa uzeeni."

Mzee Iqbal hakumchimba zaidi. Yeye mwenyewe alipoulizwa ni wa pwani ipi, hata na bintiye, alijibu tu, "Pwani ni ndefu," kisha akarudi kukunja khanga zake. Watu walisema aligombana na nduguze zamani, ndiyo maana hataki kuwataja.

Ndoa ikafungwa, mambo yakawa shwari, mpaka siku mzee alipotangaza, "Nimekula pilau ya harusi bila kumsalimia mkwe mwenzangu. Hiyo si adabu. Twende Kilwa tukamsomee Fatiha." Ahmadi akaleta udhuru wa mvua, wa barabara, hata wa mgongo wa mzee. Mzee akasema mgongo wake haujambo.

Ndio hao sasa, wanazunguka fukwe za Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwenda kisiwani. Fukwe nzuri ajabu, mchanga mweupe kama sembe, na kila mahali pana mtego. Jana yake Ahmadi aliacha viatu ukingoni mwa maji, akaenda kununua madafu. Aliporudi, maji yalikuwa yamepanda na viatu vimeshakwenda zake. Leo asubuhi akafungua dirisha la nyumba ya wageni, akakuta bahari haipo.

"Mungu wangu, imekauka!"

"Maji yamekupwa," alisema Mzee Iqbal, akipuliza chai yake. "Yatarudi."

"Najua, baba. Nilikuwa natania."

Shufaa alicheka mpaka akapaliwa. Kicheko hicho kilimwingia Ahmadi mpaka moyoni, kwa sababu alimpenda mwanamke huyu, acheni utani. Alimpenda hata akaogopa kulala, asije akaota kwa Kihehe. Na alimjua mzee: siku akigundua, binti atarudi Ilomba kwa baba yake, na mlango utafungwa kwa komeo.

Wakatembea juu ya miamba iliyoachwa wazi na maji. Ahmadi akakanyaga kidude cheusi cha miiba, akapiga ukelele wa kuchekesha watalii. Mzee Iqbal, ambaye Mbeya hujawahi kumwona bila soksi, alipita palepale peku, anaongea na bintiye, wala hakutazama chini.

Mchana wakavuka kwa boti ya injini. Wakaizunguka pwani ya kisiwa chini ya kuta za masultani, Shufaa anapiga picha, Ahmadi anachechemea na kuwaza. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kisiwani makaburi hayakosekani, na maiti hawabishi. Makaburi ya masultani aliyaruka, asije akaulizwa habari za kasri. Akapita mengine mawili yenye majina. Mwishowe akaona moja dogo, limetazama ufukwe, limesakafiwa kwa sementi iliyopasukapasuka, halina hata herufi.

"Ni hili," akasema. "Humu yumo baba yangu mzazi."

Akapiga magoti. Machozi yakamtoka mengi, maana mwiba ulikuwa bado umo unyayoni. Shufaa akapiga magoti kando yake, akamshika mkono, naye akalia.

Mzee Iqbal hakuinua mikono kuomba dua. Alilizunguka kaburi polepole, akachutama, akapangusa mchanga pembeni kwa kiganja chake.

"Una hakika, bwana mkwe?"

"Baba, mtoto atasahauje kaburi la baba yake?"

"Kweli. Hasahau." Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. "Sementi hii niliikoroga mimi, kwa mikono hii, tulipomaliza kumzika baba yangu."

Ahmadi akainuka upesi, mwiba ukamrudisha chini.

Mzee akamgeukia bintiye, akafuta macho.

"Shufaa, mwanangu, mwachie mkono huyo, umwamkie kwa heshima. Ni baba yako mdogo."