Majina ya Kijani

Kofi la tatu lilimng'oa fundi kompyuta kitini na kumbwaga sakafuni.

"Nakuuliza tena," alisema mchomeaji vyuma, akimkandamiza kifua kwa goti. "Haya majina ya kijani ni ya nini?"

Siku nne zilizopita alikuwa amemzika dada yake, aliyekutwa nyumbani kwake shingo imevunjwa. Leo adhuhuri aliichukua kompyuta ya marehemu, akaibeba kwapani na kuvamia kibanda cha fundi. Nyuma yake, mgongo umeegemea mlango, alisimama mume wa marehemu, macho yamemvimba kwa kulia.

"Huyu ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka kwangu kila nikisafiri," alisema mume. "Eti anatengeneza kompyuta. Hata siku ile mke wangu anauawa, mimi nilikuwa safarini. Usimhurumie, shemeji."

Mchomeaji hakuhitaji kuchochewa. Alikishika kidole cha mwisho cha fundi, akakikunja kinyumenyume mpaka mfupa ukalia ka! Fundi akapiga ukelele.

"Nasema! Nasema, kaka! Majina meusi ni faili za kawaida. Zenye majina ya buluu zimebanwa tu, zisijaze nafasi. Zenye ya kijani zimefungwa. Hazifunguki ila kwa yule aliyezifunga."

Mchomeaji akamburuta kwa ukosi wa shati hadi mezani, akakigonga kioo cha kompyuta.

"Mimi mambo haya siyajui, ila tarehe naijua. Hii video ya kijani ni ya siku aliyokufa. Saa kumi alasiri, saa ileile aliyouawa. Na kompyuta haikutoka ndani ya nyumba. Basi aliyeifunga alikuwepo dada yangu akikata roho. Ifungue!"

"Siwezi, kaka. Si yangu."

Ngumi ikampasua mdomo. Damu ikadondokea kwenye vitufe.

"Si umesikia mwenyewe? Haifunguki," alidakia mume. "Tunapoteza muda bure. Mmalize, twende zetu."

Mchomeaji akainua bomba la chuma alilokuja nalo. Fundi akajikunyata, mkono mmoja juu ya kichwa.

"Ngoja! Kufungua siwezi, lakini kuonyesha naweza! Kila anayeitumia kompyuta hii ana jina lake humu ndani, na faili ikifungwa, jina la aliyeifunga hubaki. Nipe dakika moja tu, kisha uniue ukitaka."

"Usimsikilize, mjanja huyo!" Mume alisema haraka. "Atafuta kila kitu!"

Bomba lilibaki hewani.

"Dakika moja," alisema mchomeaji.

Fundi akabofya kwa vidole vilivyobaki vizima, akihema kama aliyetolewa majini. Kisanduku kidogo kikajitokeza katikati ya kioo, ndani yake mstari mmoja tu. Mchomeaji aliinama, akausoma taratibu, midomo ikicheza bila sauti. Akausoma tena.

Kisha akamshika fundi mabega, akamkalisha vizuri kwenye kiti. Akaenda mlangoni, akamsogeza mume kando kwa upole, akakaza komeo.

"Shemeji," alisema, "njoo usome. Limeandikwa jina lako."